Soketi Imekufa, Inachemka au Inaangusha Breka: Jinsi ya Kutafuta Kosa

Soketi ikigoma, wengi hukimbilia kununua nyingine. Inafungwa mpya, nayo inagoma vilevile. Soketi ni kifaa rahisi mno: vibanio vya shaba, skrubu tatu, swichi na plastiki, na hakina mengi ya kuharibika. Kinacholeta shida mara nyingi ni pale waya unapokutana na skrubu. Tena mahali hapo huenda pasiwe kwenye soketi unayoitazama. Panaweza kuwa nyuma ya soketi ya chumba cha pili ambayo bado inafanya kazi vizuri tu.

Kwa hiyo pima kwanza, kubadilisha kutafuata. Maelezo haya ni ya umeme wa nyumbani wa volti 230 na soketi za ampea 13 zenye matundu matatu ya mstatili, moja juu na mawili chini.

Kabla ya kugusa bisibisi

Swichi ya soketi haizimi nyaya zilizo nyuma yake. Inakata njia ya kwenda kwenye tundu tu, na soketi nyingi hukata laivu pekee, yaani waya unaoleta umeme. Ukitaka kufungua uso wa soketi, shusha breka yake, kisha bandika kipande cha tepu juu ya breka ili mtu mwingine asiipandishe akidhani imeshuka yenyewe.

Breka kushushwa si uthibitisho kwamba umeme umekatika. Maandishi kwenye boksi la breka huwa yamepitwa na wakati, na kuna nyumba ambazo soketi mbili za chumba kimoja zinatoka kwenye breka mbili tofauti. Thibitisha hivi: gusisha mita kwenye soketi unayojua ina umeme ili uone mita ni nzima, pima soketi unayotaka kufungua, kisha rudi upime tena ile yenye umeme. Ukiruka hatua ya tatu, hutajua kama betri ya mita ilikufa katikati ya kazi.

Testa ya bisibisi yenye kitaa ndani haitoshi kwa kazi hii. Huwaka kwa umeme hafifu unaodukizwa na waya wa jirani, hukataa kuwaka ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme, na haijui chochote kuhusu kukatika kwa nyutro, yaani waya unaourudisha umeme. Itumie kwa dokezo tu. Usiweke maisha yako juu yake.

Rangi nazo zisikudanganye. Nyaya za sasa ni kahawia kwa laivu, buluu kwa nyutro, kijani chenye mstari wa njano kwa ethi, yaani waya wa usalama unaokwenda ardhini. Za zamani ni nyekundu, nyeusi na kijani. Nyumba iliyoongezwa vyumba mara kwa mara huwa na zote mbili. Hatari iko kwenye nyeusi: katika mfumo wa zamani ni nyutro, lakini katika nyaya mpya za fezi tatu nyeusi ni mojawapo ya laivu. Kinachotambulisha waya ni kipimo chake.

Kila nchi ina sheria yake juu ya kile mwenye nyumba anaruhusiwa kufanya mwenyewe, kwa hiyo zijue za kwako. Hata pale sheria inaporuhusu mengi, ndani ya boksi la breka, kwenye mita ya umeme na kwenye waya unaoingia nyumbani kuna sehemu zinazobaki na umeme hata ukizima swichi kuu. Huko muachie fundi mwenye leseni.

Vipimo vitatu

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Soketi ina nyaya tatu, kwa hiyo kuna jozi tatu za kupima: laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Majibu matatu ukiyasoma pamoja yatakutajia aina ya kosa kabla hujagusa waya.

Ukiitazama soketi kwa mbele, tundu la juu ni ethi, la kulia ni laivu, la kushoto ni nyutro. Ukiigeuza kutazama mgongo wake, kulia na kushoto hubadilishana. Hapo ndipo watu wengi hufunga laivu mahali pa nyutro huku wakiapa kwamba wamefuata mchoro. Soma herufi zilizochorwa kando ya skrubu: L, N na E.

Njia nyepesi ni testa ya kuchomeka yenye taa tatu. Inalinganisha jozi zilezile bila kufungua kitu, na maana ya taa huwa imechapishwa mgongoni mwake. Ukosefu wake ni kwamba haikuambii ni volti ngapi.

Ukitumia mita, weka kwenye V yenye alama ya wimbi, kipimo cha 600 au 750 kama si ya kujichagulia. Kisha tazama mahali nyaya za mita zilipochomekwa. Nyeusi iwe COM, nyekundu iwe V. Kama nyekundu ilibaki kwenye tundu la 10A tangu kazi ya jana, ukiigusisha kwenye soketi umetengeneza shoti mkononi mwako.

Matundu ya chini hufungwa na vizuizi vya plastiki vinavyofunguka pini ya ethi inapoingia. Usivisukume kwa bisibisi au kalamu ili upate nafasi ya kupima. Shusha breka, thibitisha hakuna umeme, fungua skrubu mbili za uso, ivute soketi ikiwa na nyaya zake, iache ikitazama pembeni bila vibano (pale skrubu zinapobana nyaya) kugusana na kitu, kisha pandisha breka na upime kwenye vichwa vya skrubu. Tumia nyaya za mita ambazo chuma chake kimeachwa wazi nchani tu, vaa viatu vikavu, na mkono usio na kazi uuweke mbali na ukuta. Ukimaliza, shusha breka tena kabla ya kugusa waya wowote. Jambo moja zaidi: chomoa vifaa vyote vilivyo kwenye mkondo huo, yaani soketi zote za breka hiyo, maana kifaa kilichochomekwa chumba cha pili kinaweza kuvuruga majibu.

Majibu husomeka hivi:

Laivu na nyutro 230, laivu na ethi 230, nyutro na ethi karibu na sifuri. Nyaya ziko sawa. Kosa liko kwenye vibanio vya ndani, kwenye swichi ya soketi au kwenye kifaa chako.

Zote tatu sifuri. Laivu haifiki. Imekatika njiani au breka haipo kazini.

Laivu na ethi 230, lakini laivu na nyutro sifuri au tarakimu zinazoyumba. Nyutro imekatika. Hapa ndipo testa ya bisibisi huwaacha watu njia panda: kifaa kikiwa kimechomekwa mahali fulani, umeme hupita ndani yake, ukaingia kwenye waya wa nyutro, ukakosa pa kurudia, na testa ikawaka kwenye matundu yote mawili. Mtu husema “soketi ina laivu mbili”. Kilichopo ni laivu moja na nyutro iliyokatika.

Laivu na nyutro 230, lakini laivu na ethi ni namba ya ajabu, 40, 70, 110, inayobadilika kila unapogusa. Ethi haipo. Soketi hii inafanya kazi vizuri kabisa, na kwa sababu hiyo ni ya hatari kuliko zote.

Laivu na nyutro 230, laivu na ethi sifuri, nyutro na ethi 230. Laivu na nyutro zimebadilishana. Taa itawaka na pasi itapata moto, lakini swichi na fyuzi sasa vinakata nyutro, kwa hiyo kifaa “kilichozimwa” bado kina umeme ndani.

Laivu na nyutro sifuri, zilizobaki zote 230, na hakuna kilichochomekwa popote. Laivu imefungwa kwenye kibano cha ethi. Shusha breka hapohapo, kwani kifaa chochote cha chuma kitakachochomekwa hapo mwili wake utakuwa laivu.

Kuhusu zile tarakimu za kuyumba: mita za kidijitali huwa na ukinzani mkubwa, kwa kawaida megaomu 10 hivi, kwa hiyo waya uliokatika ukilala kando ya waya wenye umeme huonyesha volti 20 hadi 90 bila kuwa na nguvu yoyote. Hiyo ni volti ya kivuli. Usianze kutafuta “umeme mdogo”. Hesabu waya huo kuwa umekatika.

Soketi imekufa kabisa

Chomeka taa ya mezani unayojua ni nzima. Usitumie chaja ya simu, kwa kuwa chaja yenyewe huenda ndiyo imekufa. Taa ikiwaka, kosa ni la kifaa chako, na mahali pa kwanza pa kutazama ni fyuzi ndani ya plagi. Fyuzi nyekundu ni ampea 3, inatosha kifaa cha hadi wati 700 hivi. Ya kahawia ni 13, hadi karibu wati 3,000. Fyuzi iliyokatika mara nyingi haionekani kwa macho, kwa hiyo ipime kwa mita ikiwa nje ya plagi.

Taa isipowaka, tazama breka. Breka iliyojiangusha mara nyingine husimama katikati, haijashuka wala haijapanda, na ukiitazama kwa mbali utadhani iko kazini. Isukume chini hadi mwisho, ndipo uipandishe. Tazama pia RCD, ile breka pana yenye kitufe cha kujaribia.

Kama breka zote ziko juu, uliza swali moja: ni soketi hii peke yake au na nyingine? Soketi hupokezana umeme, hii ikiipa ile, kama watu wanaopitisha ndoo kwa mstari. Zikifa tatu za mwisho, kosa liko kati ya ya mwisho iliyo hai na ya kwanza iliyokufa. Fungua zote mbili, lakini anza na iliyo hai. Wengi hawaifungui kwa sababu “hiyo ni nzima”, na waya unaotoka kwenda mbele umechomoka humohumo.

Ukishafungua, breka ikiwa chini, vuta kila waya mmojammoja kwa vidole. Usivute kwa nguvu za kung'oa jino, lakini uvute kweli. Waya ulioshikwa sawasawa hausogei hata kidogo. Sababu za kuchomoka zinajirudia: nyaya mbili za unene tofauti ndani ya kibano kimoja, mnene ukabanwa na mwembamba ukabaki unacheza, ganda la waya kuingia chini ya skrubu, skrubu ikabana plastiki badala ya shaba, au kisu cha kumenyea kuuachia waya jeraha, nao ukavunjika pale ulipokunjwa kuingizwa ukutani. Waya wa namna hii wa mwisho huonekana mzima mpaka uupinde.

Nyumba nyingine zimefungwa kwa mzunguko, yaani waya unatoka kwenye boksi la breka, unapita soketi zote na kurudi kwenye breka ileile, kwa kawaida ya ampea 32 na waya wa milimita za mraba 2.5. Mzunguko ukikatika mahali pamoja hakuna soketi inayokufa, kwani kila moja inalishwa kutoka upande wa pili. Uzuri wake ndio ubaya wake: mzigo wote sasa unapita upande mmoja, kwenye waya ambao peke yake haukukusudiwa breka ya 32. Kuligundua kosa hili kwa mita ya kawaida bila kufungua boksi la breka ni vigumu. Waya wa 2.5 una ukinzani wa miliomu 7.41 hivi kwa mita moja. Mita 20 ni kama omu 0.15, na nyaya za mita yako zenyewe zinaweza kuonyesha zaidi ya hapo. Muite fundi mwenye kipimo cha omu ndogo.

Inafanya kazi ukiinamisha plagi

Vibanio vya ndani vimelegea au vimeungua. Hakuna marekebisho, soketi inabadilishwa. Ila tazama na pini za plagi iliyokuwa inatumika hapo. Kama zina madoa meusi au vijishimo, plagi hiyo itaiua soketi mpya kwa miezi michache, kama soketi ya zamani ilivyoiua yenyewe. Badilisha zote mbili.

Cheche ndogo ya buluu unapochomeka kifaa ambacho swichi yake imewashwa ni jambo la kawaida. Mlio wa kukwaruza unaoendelea plagi ikiwa imetulia si wa kawaida.

Inapata moto, ina doa la kahawia au inanuka

Soketi inayonuka kama samaki wakati hakuna samaki ni plastiki inayoanza kuungua. Zima breka na usiitumie tena hadi uifungue.

Joto hilo linatoka wapi? Chukua skrubu iliyolegea kidogo, ikaleta ukinzani wa omu 0.1 tu, kitu ambacho vipimo vya volti havitakionyesha. Pitisha ampea 10 za birika la umeme. Joto linalozalishwa ni 10 mara 10 mara 0.1, yaani wati 10, kwenye sehemu ndogo kama punje ya maharage iliyozungukwa na plastiki. Kwa ampea 13 ni karibu wati 17. Shaba inapanuka ikipata moto na kusinyaa ikipoa, skrubu inazidi kulegea, shaba inashika kutu nyeusi, ukinzani unapanda, joto linaongezeka. Breka haitashuka kamwe, kwa kuwa ampea hazijazidi. Ndiyo maana kosa hili huunguza nyumba zenye breka nzima.

Sababu ya pili ni mzigo wenyewe. Soketi pacha, yenye nafasi ya plagi mbili, haikuundwa kubeba ampea 13 kila upande kwa muda mrefu. Hupimwa kiwandani kwa jumla ya ampea 20. Birika la wati 2,200 na pasi ya wati 2,000 bega kwa bega ni ampea 18, na hapo umefika ukingoni. Hita ya kuogea ya wati 3,500 na zaidi haina haki ya kuwa kwenye plagi hata kidogo.

Kubadilisha soketi iliyoungua kunataka uangalifu kuliko kubadilisha iliyovunjika. Breka ikiwa chini na umeme umethibitishwa haupo, piga picha ya nyaya kabla ya kulegeza skrubu. Hesabu nyaya: moja kwa kila kibano ni soketi ya mwisho, mbili ni ya katikati, tatu ina tawi linalokwenda kwingine. Zote zilizokuwa pamoja zirudi pamoja. Ukiacha moja nje kwa kuona “imezidi”, umeua soketi za mbele.

Kisha kata sehemu iliyoungua. Shaba iliyopata moto huwa nyeusi au ya zambarau na ganda lake hugeuka gumu, likipindwa linapasuka. Rudi nyuma mpaka ukutane na shaba inayong'aa na ganda linalopinda kama kawaida. Kama waya uliobaki hautoki ukutani walau sentimita 10, usiuvute kwa nguvu. Uunge ndani ya kisanduku kwa kiunganishi kinachobeba ampea zinazotakiwa, au umuite fundi avute waya mpya.

Menya milimita 10 hivi. Waya mmoja mwembamba ukunje mara mbili ili ujaze kibano. Waya wa nyuzi nyingi usokote kwanza, na usiupake risasi ya kulehemu, kwa kuwa risasi ni laini na hutambaa chini ya skrubu, ukabaki na kibano kilegevu baada ya miezi. Ingiza hadi ganda liguse kibano bila kuingia chini ya skrubu, kaza, vuta, kaza tena. Kaza kwa bisibisi inayotosha mfereji wa skrubu; bisibisi ndogo humega kichwa na kukupa hisia kwamba umekaza.

Ethi iliyo uchi ivalishwe ganda la kijani na njano. Kisanduku cha ukutani kikiwa cha chuma, kiwe na kipande cha waya kutoka kwenye skrubu yake ya ethi hadi kibano cha E cha soketi. Mwisho, kunja nyaya kwa mawimbi kuelekea nyuma, zisipite mbele ya masikio ya skrubu za kisanduku. Skrubu ya uso inayotoboa ganda la laivu ni shoti uliyojifungia mwenyewe.

Breka inashuka

Inashuka lini? Ikishuka papo hapo kwa mlio, ni shoti. Ikishuka baada ya dakika kadhaa, ni mzigo umezidi. Breka ina njia mbili za kujikata: sumaku inayoruka mara moja ampea zikipita kiasi mno (breka ya aina B hufanya hivyo kati ya mara 3 na 5 ya namba yake, aina C kati ya 5 na 10), na ukanda wa metali unaopinda taratibu kwa joto la mzigo uliozidi kiasi.

Chomoa kila kitu kwenye mkondo huo. Kuzima swichi za soketi hakutoshi. Pandisha breka. Ikikaa, rudisha vifaa kimoja kimoja na mkosaji atajitaja. Ikishuka bila kitu chochote kuchomekwa, kosa liko kwenye nyaya: msumari mpya wa picha juu ya soketi (nyaya hupandishwa wima juu ya soketi, na misumari hupigwa hapohapo), waya uliobanwa na uso wa soketi, maji ukutani, au meno ya panya. Usiendelee kuipandisha ukijaribu bahati. Kila mara unapiga shoti ileile.

Usikubali pia mtu akushauri kuweka breka kubwa zaidi. Breka ya 20 kwenye mstari wa waya wa 2.5 usio mzunguko ukiibadilisha kwa ya 32, shoti itakatwa, lakini mzigo wa ampea 28 utaupasha waya moto ndani ya ukuta siku nzima bila breka kusema neno.

RCD inashuka, breka hazishuki

RCD haijali ukubwa wa mzigo. Inalinganisha ampea zinazokwenda kwa laivu na zinazorudi kwa nyutro, na za kulinda watu hujikata tofauti ikifika miliampea 30. Kwa hiyo tafuta kinachovuja: koili ya birika au hita iliyoingia unyevu, soketi ya nje yenye maji, kisanduku chenye mchwa na udongo wao. Wakati mwingine hakuna kifaa kibovu; kompyuta na chaja nyingi huvuja kidogo kidogo kila moja, zikijumlishwa zinakaribia kikomo.

Kosa linalowachosha watu ni nyutro kugusana na ethi. Breka nyingi za nyumbani hukata laivu tu, nyutro inabaki imeungwa. Kwa hiyo unashusha breka ya mkondo wenye kosa, na RCD bado inaanguka kila mtu anapowasha pasi chumba kingine, kwa sababu sehemu ya ampea za pasi zinarudi kupitia ethi. Unabaki kuilaumu pasi. Tafuta waya wa nyutro uliomenywa kupita kiasi, au uliobanwa kwenye ukingo wa kisanduku cha chuma, hasa mahali palipofunguliwa karibuni. Usipoliona kwa macho, fundi atapima ganda la nyaya kwa volti 500 za DC, na jibu linatakiwa lisipungue megaomu 1. Mita yako hutumia betri ndogo na inaweza kusema nyaya ni nzima hali zinavuja.

Friji au kompyuta “inapiga” ukiigusa

Huu ni msisimko wa ethi isiyokuwepo. Vifaa vingi vya kielektroniki vina kichujio kinachounganisha laivu na nyutro kwenye mwili wa chuma kupitia kapasita ndogo. Ethi ikiwepo, uvujaji huo unaondoka kimya. Isipokuwepo, mwili wa kifaa hupanda hadi karibu nusu ya volti za umeme, 115 hivi, ukauhisi kama sindano ndogo kwenye kiganja. Sindano hizo si kitu. Kesho ganda likikatika ndani ya kifaa, mwili utakuwa na volti 230 na hakuna njia ya kuangusha breka.

Pima laivu na ethi. Kama ethi imekosekana kwenye soketi moja, fungua uitafute. Kama imekosekana nyumba nzima, kosa liko kwenye fimbo ya ardhini au waya wake, na hiyo ni kazi ya fundi. Angalia pia adapta za pini mbili, maana ndizo zinazokata ethi mara nyingi hata soketi ikiwa nzima.

Kuna ujanja unaorithishwa wa kuunga kipande cha waya kutoka N hadi E ndani ya soketi ili “kupata ethi”. Testa ya kuchomeka itaonyesha kila kitu sawa. Lakini siku nyutro ikikatika popote nyuma ya soketi hiyo, umeme uliopita ndani ya kifaa utakosa pa kurudia na utasimama kwenye mwili wa friji, volti zote 230. Ukikuta kipande hicho, kitoe.

Taa hufifia pasi ikiwaka

Pima volti kwenye soketi bila mzigo, kisha kwa mzigo wa wati 2,000 kwenye mkondo huohuo. Kushuka kwa volti 3 hadi 6 ni urefu wa waya tu. Kushuka kwa 15 au 20 ni kiungo kibovu kinachochemka mahali fulani. Kitafute kama ulivyoitafuta soketi iliyokufa, ukipima soketi moja hadi nyingine mpaka uone pale pengo linapoanza.

Kama taa za upande mmoja zinafifia na za upande mwingine zinang'aa kupita kawaida, usipime chochote. Nyutro kuu imelegea, na volti zinaweza kupanda hadi kuunguza kila kilichochomekwa. Zima swichi kuu na uwaite wenye umeme.

Baada ya kufunga

Rudia vipimo vitatu. Kisha chomeka mzigo wa wati 2,000, kwa mfano hita ya chumba, kwa nusu saa. Zima, chomoa, na uguse pini za plagi na uso wa soketi papo hapo. Uvuguvugu si neno. Pini ambayo huwezi kuishika ina maana bado kuna skrubu moja haijakazwa.